Ruta ya Wi-Fi 6 kwa laptopu ya zamani: uzoefu wangu

Mwezi wa pili huu natumia ruta ya Wi-Fi 6. Yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mimi niliyesoma boksi la ruta neno kwa neno, nikasahau kuikagua laptopu inayokwenda kuitumia.

Siku ya kwanza simu ilinasa majina mawili ya mtandao, la 2.4 GHz na la 5 GHz, yaani masafa mawili ya redio ambayo ruta inarusha. Laptopu ikaona moja tu, la 2.4, nalo kila nikiweka nywila inagoma. Nikarudia mara nne, ya mwisho nikiandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Wapi! Kumbe wakati wa kuiwasha ruta nilichagua ulinzi wa WPA3 peke yake, nikidhani kipya ndicho bora, na laptopu yangu inaishia WPA2, toleo la ulinzi la kabla yake. Nilipobadilisha mipangilio iwe WPA2 na WPA3 kwa pamoja, ikaunganika hapo hapo.

Jina la 5 GHz ndilo lililonitoa jasho. Nimezima, nimewasha, nimeisogeza laptopu hadi inagusana na ruta. Mwisho nikafungua dirisha la amri la Windows nikaandika netsh wlan show drivers. Mstari wa aina za redio, yaani viwango vya Wi-Fi ambavyo kadi ya laptopu inavijua, ukaniumbua: 802.11b, 802.11g, 802.11n. Basi, hakuna zaidi. Hiyo n ni kiwango cha mwaka 2009, na ingawa zipo kadi za n zinazoshika 5 GHz, yangu haimo. Ruta haiwezi kuipa laptopu redio ambayo haina. Windows inaniandikia kasi ya 72 Mbps, ninazozipata kweli ni kama 40, na simu iliyolala pembeni yake inavuta mara kadhaa ya hapo.

Ruta sikuirudisha. Nimeongeza adapta ndogo ya USB ya 802.11ac, kiwango kilichofuata n, sasa 5 GHz ninayo. Inapata joto na imenila tundu moja la USB, lakini video hazikwami tena. Nikihamia chumba cha nyuma, kuta mbili kutoka kwenye ruta, 5 GHz inafifia, narudi 2.4.

Kama hujanunua bado, anza na amri ile ya netsh. Ikikuonyesha ac au ax (ax ndiyo Wi-Fi 6 yenyewe), chukua ruta kama yangu bila wasiwasi. Ikiishia n, na huna kifaa kingine kipya nyumbani, ruta ya bei ya chini itakufaa vilevile, na adapta utaijua baadaye.