Waliniuzia riwaya ya vita bila mwisho wake

Nianzie ukurasa wa 372, kwa sababu hasira yangu yote imezaliwa pale. Mwanamke yuko jikoni kwake, huko Uingereza, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Mlango wa nyuma unafunguliwa. Mumewe, ambaye hajamtia machoni miaka minne, amesimama kizingitini na kofia mkononi. Hamwiti jina, hamkumbatii. Anamuuliza tu: "Nilale wapi?"

Nikafunua, nikakutana na jalada.

Hadithi haikuishia hapo. Kurasa zilichanwa. Ukikipanua kitabu vizuri unaona vipande vya karatasi bado vimeng'ang'ania gundi ya mgongoni. Nilivihesabu kwa ukucha nikapata kumi na vitatu. Karatasi kumi na tatu, yaani kurasa ishirini na sita. Ilikuwa saa tisa usiku, yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imeisha tangu jioni, nasoma kwa tochi ya simu huku nimejifunika shuka nisimwamshe binti yangu. Nilibaki nimekishika kitabu kile kama mtu aliyekatikiwa na simu katikati ya habari za mgonjwa.

Siku mbili tatu baadaye nikakirudisha. Kibanda chenyewe kiko katikati ya Kampala, si mbali na paki ya taksi, na zaidi ya hapo sitasema, maana sitaki kumharibia mtu riziki. Nimekuwa nikinunua vitabu vya mitumba pale tangu binti yangu hajaanza shule, na sasa yuko chuo. Kitabu kinene shilingi 10,000, chembamba 5,000, ukichukua vitatu unapunguziwa. Nikamsalimia mwenye kibanda, nikamweleza taratibu, nikamfunulia palipochanwa. Hakupaangalia. Macho yako kwenye simu, kidole kinapandisha habari za mpira.

"Nyabo," yaani bibie, "hiki si kitabu cha mapenzi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mwisho wake si unaujua? Wanaoana."

Nikamwambia wameoana tangu mwanzo wa kitabu, bibi harusi amevaa gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha parachuti. Hapo ndipo alipoinua macho, lakini si kwangu. Aliwatazama vijana wawili waliokuwa wanashusha maboksi, akasema kwa sauti ya kusikika: "Basi wanaishi raha mustarehe. Vitabu vya wanawake vyote ndivyo vilivyo. Chukua kingine pale, hutaona tofauti."

Akacheka, na kijana mmoja akacheka naye. Wa pili hakucheka, nitamrudia.

Pesa si kitu. Elfu kumi naitafuta nitaipata. Ila hilo neno, hutaona tofauti, nilitoka nalo pale mwili unatetemeka. Nikapita kwa mama anayeuza karanga jirani, nikawa nachungulia karatasi anazofungia, labda ndizo kurasa zangu, nitaliona jina la yule mwanamke wa kitabuni. Zilikuwa za daftari la hesabu la mtoto wa shule. Nikanunua karanga za mia tano kwa aibu, nikaenda zangu.

Kwa hiyo nilichotaka kusema ni hiki: pale msinunue. Na kama hamna budi, msianze kuangalia jalada. Fungueni nyuma kwanza, pinda kitabu mpaka mgongo uonekane, hesabu karatasi za mwisho mbele ya muuzaji.

Sasa nieleze kwa nini kurasa za mwisho, maana najua wapo watakaosema namfanyia mfanyabiashara mdogo ukatili kwa kitu kidogo. Nimesoma riwaya za mapenzi ya wakati wa vita kwa miaka mingi, na watu wanadhani utamu wake ni mabomu na mabusu ya kuagana stesheni. Mabomu mimi nayapita mbio. London ilipigwa kuanzia Septemba 1940 hadi Mei mwaka uliofuata, na kila mwandishi ana sura yake ya ving'ora na watu kulala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Ukishasoma tano, ya sita unaweza kuisimulia wewe. Mimi nasubiri siku vita vinapotangazwa kuwa vimekwisha, kwa sababu hapo ndipo hadithi inapoanza kuuma.

Na kitabu hiki kilikuwa kinalijua hilo! Kuna sura nzima ya yule mwanamke amepanga foleni ya mkate mwaka 1946, Mjerumani ameshasalimu amri mwaka mzima nyuma. Wakati wote wa vita Uingereza haikuweka mgao wa mkate. Iliuweka baada ya kushinda. Jirani aliye nyuma yake kwenye foleni anamuuliza, sasa tumeshinda nini? Nguo zilikuwa za kuponi mpaka 1949, nyama ikaendelea kuwa ya mgao mpaka 1954. Mume wa huyu mwanamke yuko hospitali India, barua zinafupika kila mwezi, mpaka ya mwisho ina mistari mitatu na mmoja wapo unahusu hali ya hewa. Nilisoma sura ile nikamwona mama yangu Jinja, zama za magendo, amepanga foleni ya sukari na sabuni tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni mimi.

Tena kuna babu. Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alivuka bahari na wenzake mpaka Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikateremka Bonde la Kabaw kwenye mvua kubwa za kule, matope na malaria, bonde ambalo wenyewe walikuwa wakiliita bonde la mauti. Desemba walikuwa Kalewa, kwenye mto Chindwin. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kazi, ndicho alichorudi nacho Walukuba, mtaani kwetu Jinja, na ndicho tulicholelewa nacho.

Bibi alikuwa akisimulia kwamba alirudi na viganja vya njano kwa sababu ya vidonge vya malaria walivyokuwa wakimezeshwa kila siku, mepakrini. Bibi alikuwa amemnunulia kitanda cha mvule kwa pesa alizokuwa akikatiwa kutoka kwenye mshahara wa babu. Kitanda kipya, amekipaka vanishi mwenyewe. Babu akakikalia mara moja, akainuka, akasema kinamzamisha. Akatandika mkeka chini karibu na mlango. Mimi nimemkuta bado analala hapohapo, nami nilishakuwa msichana mkubwa: ubavu umegusa ukuta, viatu viko kichwani, ncha zimeelekea mlangoni, kamba zimelegezwa tayari kwa mguu kuingia. Hakuna aliyeruhusiwa kuvisogeza, hata wakati wa kufagia.

Nilimuuliza bibi siku moja alimngoja miaka mingapi. Akanijibu akiwa anachambua mchele, hata hakusita: "Vitani nilimngoja miaka minne. Humu ndani, bado namngoja."

Basi mtu aliyelelewa kwenye nyumba hiyo anafika ukurasa ambapo mwanamume amesimama mlangoni anauliza nilale wapi, anafunua, anakuta jalada, halafu anaambiwa mwisho anaujua.

Lakini nisimwonee muuzaji peke yake. Na mwandishi naye nina neno naye. Kurasa zaidi ya mia za kitabu hiki ziko Burma, na katika kurasa zote hizo askari wetu wametokea mara moja, sentensi moja: weusi wanaobeba mizigo wakiimba mvuani. Hawana majina. Hawana wake waliobaki wanapaka vitanda vanishi. Walibeba, ndiyo, na walipigana vilevile, na makaburi yao yako kule. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilikifunga kitabu, nikakiweka juu ya kabati siku nzima. Ningekuwa na kalamu ya kuandika riwaya ningeanzia kwenye meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 ikapigwa topido na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12. Ndani walikuwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na manesi wa Kiingereza. Haikumaliza dakika mbili juu ya maji, na watu karibu 1,300 wakafa. Hebu fikiria barua zilizokuwa mifukoni mle, za Kiswahili na za Kiingereza, zimelowa pamoja.

Au tuje hapahapa nyumbani. Aprili 1979 wakombozi kutoka Tanzania, wale waliomng'oa Idi Amin, waliingia Jinja, na baadhi yao walikaa muda wa kutosha kupendwa. Nani ameyaandika mapenzi ya mwaka ule? Walukuba tuliyaona. Kuna mama alikuwa akienda stendi kila Jumamosi.

Basi, turudi kibandani.

Wiki kadhaa zikapita. Simu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa yule kijana ambaye hakucheka. Namba yangu aliitoa kwenye daftari la oda.

"Mama, kimepatikana. Cha chapa nyingine, jalada lake ni jingine, lakini nimekikagua mpaka neno la mwisho. Kimekamilika."

Nikamuuliza amejuaje kilipokatikia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Siku ile ulikiacha hapa mezani. Nikausoma ule ukurasa. Na mimi nikataka kujua alilala wapi."

Nikamuuliza, sasa alilala wapi? Akasema, "Sikwambii mama, njoo usome."

Nilipanda boda mchana uleule. Mwenye kibanda hakuwepo, ila alikuwa ameacha maagizo: nilipe elfu kumi kamili, kile cha kwanza hakirudishiwi pesa. Hasira ikanipanda upya. Nikalipa. Kijana akanigeuzia boksi tupu nikakaa juu yake pale pale, watu wananikanyaga, makondakta wanapiga kelele za Mukono na Entebbe, nikasoma.

Mwanamke anampeleka chumbani, anamwonyesha kitanda. Usiku anaamka, upande wa pili ni baridi. Anashuka ngazi bila kuwasha taa, anamkuta jikoni, amelala kwenye sakafu ya mawe kando ya mlango wa nyuma, amejikunja, viganja vyake vya njano viko juu ya uso. Njano! Mwandishi aliyemwona babu yangu kama mbeba mizigo alikuwa anajua rangi ya viganja vyake. Mwanamke hasemi neno. Anarudi juu, anachukua mto, anakuja kulala chini kando yake, mgongo kwa mgongo, sakafu inamchoma kwa baridi. Kurasa kumi na moja hivi hakuna anayeongea. Mwanamke anasikiliza tu mumewe anavyopumua. Kunakucha.

Nilipofika hapo sikuwa naiona barabara wala watu.

Na kisha, kurasa mbili za mwisho: miaka mitatu imepita, bustani, jua, mtoto anakimbia kwenye nyasi, baba anacheka. Raha mustarehe, kama alivyosema yule bwana bila hata kukifungua kitabu. Iliniuma kuliko kuchanwa kwenyewe. Nilitamani mtu angezichana hizo mbili tu akaniachia zile kumi na moja.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini tena kuhusu kibanda kile. Mwenyewe simsamehi; alinidharau mbele ya watu na hajaniomba radhi mpaka leo. Lakini kijana wake anasoma vitabu anavyouza, na mtu wa namna hiyo sijampata penginepo. Nendeni, basi, ila mwulizeni yeye. Na kitabu chenyewe nakipa heshima yake, pamoja na ile sentensi ya wabeba mizigo ambayo nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu na pembeni nimeandika jina la babu.

Jioni ile nilimpigia shangazi yangu Jinja. Nikamuuliza ule mkeka wa babu wa karibu na mlango ulikuwa wa upana gani, maana mimi naukumbuka mkubwa, na nilipoanza kuuona nilikuwa mdogo, labda kila kitu nilikiona kikubwa.

"Ulikuwa wa watu wawili," akasema. "Mama ndiye aliyeusuka. Kwani wewe hukuwahi kuamka usiku?"