Vipindi vya useremala na ukarabati wa nyumba: kipi kinastahili bando lako?

Kwa wengi wetu hapa Mwanza, kutazama kuna gharama. Ama unalipia kifurushi cha king'amuzi kila mwezi, ama unatumia bando la simu. Ndiyo maana swali la kama vipindi vya ng'ambo vya useremala na ukarabati vina faida linahitaji kujibiwa kwa umakini, hasa kwa mtu anayejenga, kijana aliye karakana, au mama mwenye nyumba anayechoka kuitwa kila wiki na fundi anayedai pesa ya nyongeza.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Kipindi kikiisha, je, unaweza kufanya kitu ambacho jana hukukiweza, au kumuuliza fundi swali ambalo hawezi kulikwepa? Kikishindwa yote mawili, kinashuka hata kama picha zake zinavutia namna gani. Orodha inaanza na kinachostahili zaidi.

1. Masomo ya Paul Sellers, na The Woodwright's Shop

Sellers ni seremala Mwingereza aliyeanza uanagenzi miaka ya 1960, na masomo yake mengi yako YouTube bila malipo. Kazi yake ni ya mkono: randa, patasi, msumeno, skwea, nyundo ya mti. Hakuna hata kimoja hapo ambacho seremala wa Igoma au Nyakato hakijui, na umeme ukikatika somo bado linafanyika.

Namweka wa kwanza kwa sababu kamera yake haikimbii. Akinoa patasi unaona pembe anayoishikia, unaona vinoo anavyopitia, unaona anavyojaribu makali kabla ya kugusa mbao. Akiunga mguu wa meza kwa tundu na ulimi (ncha iliyochongwa ya mbao moja inaingia tundu la nyingine), anaanza kwa kuchora mstari kwa kisu, si kwa penseli. Sababu yake ni kwamba mkato wa kisu hukata nyuzi za mbao juu na kuiachia patasi ukingo wa kuegemea, kwa hiyo bega la ulimi linakaa sawasawa bila uwazi wa kujaziwa gundi na unga wa mbao. Kijana akilishika hilo peke yake, viti vyake vitaacha kulegea mapema. Yapo pia masomo ambayo anatengeneza vifaa vya bei mbaya kwa njia ya maskini: kipande cha mbao, patasi moja, na unapata kifaa cha kusawazisha kina cha tundu. Kiingereza chake kikikupita, mikono inatosha.

The Woodwright's Shop ya Roy Underhill ilianza North Carolina mwaka 1979 na ikaendelea kwa zaidi ya miaka 30. Humo hakuna mashine ya umeme. Zaidi ya hapo, kipindi kilirekodiwa mfululizo bila kukatwakatwa, kwa hiyo Underhill akihema unamwona akihema, na kitu kikienda kombo unaona anavyokirudisha. Mwanafunzi anahitaji sana kuona hilo.

Kwenye daraja hili la kwanza nawaweka pia mafundi wa mitumbwi walioko mwaloni, kule ufukweni mwa ziwa, ambao hawalipishi kutazamwa. Simama pembeni uone wanavyopinda ubao ufuate mbavu za mtumbwi, na wanavyoshindilia pamba kwenye maungio ili maji ya ziwa yasipite. Wasalimie, omba ruhusa, usiwazibie njia. Hakuna king'amuzi kinachouza somo hilo.

2. This Old House

Hiki kilianza Boston mwaka 1979 na bado kipo. Kinafuata nyumba moja kwa vipindi vingi: paa, mabomba, umeme, madirisha, kila fundi akieleza kazi yake kwa zamu. Ndugu yake, Ask This Old House, kilianza mwaka 2002 na ndicho nakishauri kwa mwenye nyumba. Huko wanashughulika na kero ndogo: bomba linalovuja, mlango unaogoma kufunga, maji yanayotuama ukutani. Vipande vingi ni vya dakika chache, na bando halitaumia sana.

Utakachochota humo ni mpangilio wa kazi. Bomba na waya hupita kabla ya lipu na rangi, na paa hukamilika kabla ya dari ya jipsamu. Utashangaa ni nyumba ngapi hapa zinachimbwa ukuta mpya kwa sababu mtu aliita fundi rangi kabla ya fundi umeme.

3. Grand Designs

Kwa anayejenga, kuna siku ningekipandisha juu ya namba mbili. Kipindi hiki cha Uingereza, kinachoongozwa na Kevin McCloud tangu 1999, kinamfuata mtu mmoja anayejenga nyumba yake mwenyewe tangu msingi, mara nyingine kwa miaka. McCloud huanza kwa kuuliza bajeti na tarehe ya kuhamia. Kisha anarudi, na anarudi tena, na mara nyingi sana vyote viwili vimeshapitwa. Pesa inaisha nyumba ikiwa haina madirisha. Familia inaishi kwenye nyumba ya magurudumu uani. Mkandarasi anaondoka.

Sisi tunaojenga mdogo mdogo tunayajua hayo. Tofauti ni kwamba huku hatuyasemi. Nyumba inasimama kwenye lenta miaka minne na majirani wanajifanya hawaoni. Kutazama watu wenye mikopo ya benki wakikwama pale pale kunafundisha kuuliza mapema: kiasi gani nimetenga kwa yasiyotarajiwa? Anayenunua kiwanja chenye miamba mlimani, Bugarika au kwingineko, akitazama vile viwanja vya miteremko ya Uingereza ataelewa kwa nini msingi unaweza kula pesa ya kuta. Usinakili usanifu wao. Nakili maswali ya McCloud.

4. The New Yankee Workshop

Norm Abram, yule yule aliyekuwa seremala wa This Old House, alikiongoza kuanzia 1989 hadi 2009. Katika kila kipindi anatengeneza kifaa kimoja, kabati au meza au kiti, na hachoki kukumbusha miwani ya kukinga macho. Mafundi wetu wanaotumia grenda macho wazi walipaswa kuitazama sehemu hiyo kila asubuhi.

Kinashuka hadi nafasi ya nne kwa sababu karakana yake imejaa mashine. Kwetu unaweza kulizunguka tatizo hilo kwa kupeleka mbao kwa mwenye mashine ya kuranda na kumlipa, kisha ukamalizia kwa mkono.

Angalia vipimo, maana hapo ndipo watu wanaharibu mbao. Mmarekani akisema mbao ya 2 kwa 4, ile ya dukani kwake imeshakaushwa na kurandwa, na kipimo chake halisi ni inchi 1½ kwa 3½. Ya kwetu hutoka msumenoni ikiwa haijarandwa, na vipimo hutofautiana hata ndani ya mzigo mmoja. Ukifuata mchoro wake bila kupima, tundu na ulimi havitakutana. Pima mbao uliyonayo kwa futi kamba, halafu ndiyo uchore. Pia mbao yake imekaushwa kwenye tanuru. Paina mbichi ukiifunga kabati leo, itasinyaa kwenye upana wake na kufungua maungio, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Na kuhusu mchwa kipindi hakitakusaidia: kwa fremu za milango tafuta mninga au mvule, au mbao zilizotiwa dawa.

5. Fixer Upper na Property Brothers

Hivi viwili vya kukarabati nyumba ni vizuri kwa rangi, taa na mpangilio wa sebule. Ufundi wenyewe ni mchache. Kasoro kubwa ni ile furaha ya kuvunja kuta kwa nyundo. Kuta nyingi za ndani za nyumba hizo ni fremu ya mbao na bodi za jasi, wakati zetu ni tofali, na mara nyingi ukuta huo ndio umebeba kenchi. Usivunje ukuta kwa kuiga runinga. Mwite mtu anayejua uzito wa paa unashukia wapi.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Mwaka 2018 kampuni ya ukarabati ya wenye Fixer Upper ilikubali kulipa faini ya dola 40,000 kwa mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwa kutofuata kanuni za rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Nyumba yako kuukuu ikikwanguliwa rangi, watoto wasiwepo.

6. Extreme Makeover: Home Edition

Kilianza 2003, na kilijenga nyumba nzima kwa siku 7. Kinaliza machozi ya heri, na sina ubaya na machozi hayo. Lakini zege huhesabiwa kufikia nguvu yake kwa siku 28, na linataka kumwagiliwa maji angalau wiki ya kwanza. Mwenye nyumba akizoea mwendo ule wa runinga ataanza kumharakisha fundi, na fundi atamtii.

Ulipie nini basi

Kama unataka namba moja, mbili na nne, bando linatosha. Usinunue king'amuzi kwa ajili hiyo. Shusha ubora wa picha. Netflix yenyewe hukadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa HD, na hali haitofautiani sana kwingineko. Patasi inaonekana vizuri kwenye picha ya kawaida.

Kama nyumba nzima inapenda namba tatu na tano, king'amuzi kina maana. Mwambie wakala akuonyeshe kwenye skrini chaneli hiyo iko kifurushi gani leo, maana orodha hubadilika.

Na ukitamani mashine uliyoiona kwa Abram, ukaikuta ya mtumba mjini, soma kibandiko chake kwanza. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Kikiandikwa 120 pekee, iache, au nunua na transfoma yenye uwezo unaozidi wati za mashine hiyo.