Mkoba wa Tanga Kuukuu: Imara, Ila Zipu
Duka dogo la kazi za mikono karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, linauza mikoba iliyoshonwa kwa matanga ya majahazi kutoka pwani, ambayo jua na maji ya chumvi yameyachakaza kiasi cha kutofaa tena kwa safari. Mkoba nilioununua bado una kiraka cha mabaharia, kilichotiwa kwa uzi mnene wa mkono, na fundi, kwa busara, amekiacha upande wa mbele. Pamba yake nzito hubeba viazi na ndizi bila mshono kuachia, jambo linaloishinda mifuko myepesi iliyoenea sokoni tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Zipu, hata hivyo, ni dhaifu na hukwama kwenye kona. Bei nayo ni kubwa. Muuzaji hueleza kwamba sehemu yake huwaendea akina mama wanaoshona, lakini mteja anayeambiwa kuwa anasaidia jamii ana haki ya kuelezwa ni shilingi ngapi, tena kwa maandishi. Anayeutaka kwa ajili ya sokoni achague wenye mikanda mipana, kwani ile myembamba huumiza bega.