Bushi mpya 18, gari gumu kama mkokoteni

Bolti za bushi za mpira, yaani vile vipande vya mpira na chuma kwenye maungio ya ekseli na chasisi, hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye lifti. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoharibu kazi nzima, na kwa sababu fundi mkuu wa gereji iliyonibadilishia bushi nilipomlalamikia alinijibu bila hata kuinua macho: “Mzee, gari la zamani hili. Ulitaka liende kama jipya?”

Ndiyo, nilitaka. Land Cruiser 80 yenye springi za koili mbele na nyuma, ikiwa na bushi nzima na shokapu nzima, inapita kwenye barabara mbovu ya vumbi kwa upole ambao magari mengi mapya hayana. Umri wa gari si hoja. Kinachozeeka ni mpira, na mpira ndio niliolipa ubadilishwe.

Kazi yenyewe ilikuwa bushi 18. Kila amu ya mbele, yaani mkono wa chuma unaounganisha ekseli na chasisi, ina tatu, mbili zinashika ekseli na moja inashika chasisi, hizo ni sita. Amu nne za nyuma zina mbili kila moja, nane. Rodi mbili za panhard, zile fimbo zinazozuia ekseli kusogea pembeni, ya mbele na ya nyuma, zina mbili kila moja, nne. Zote ziliingizwa. Ule mlio wa chuma kugonga uliokuwa ukisikika ukikanyaga breki ukaisha, na usukani ukaacha kutangatanga. Siku ya kwanza ningewapa alama zote.

Siku iliyofuata nikaanza kusikia tofauti. Kila shimo dogo lilifika moja kwa moja kwenye kiti. Gari lilikuwa limesimama juu kuliko kawaida yake, na nyuma ilikuwa ikirukaruka kama vile springi zimeongezwa nguvu. Hazikuwa zimeguswa. Wiki chache baadaye mlio ule wa kugonga ukarudi upande wa kushoto mbele.

Sababu ni hii. Bushi ya mpira ina ganda la chuma nje, bomba la chuma ndani, na mpira katikati uliogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa kati ya masikio ya breketi, kile kishikio cha chuma, na halizunguki tena. Amu ikipanda na kushuka, kinachosogea si chuma, ni mpira unaojinyonga. Kwa hiyo pale ulipokazia ndipo bushi inapohesabu kuwa nyumbani. Ukikaza magurudumu yakining'inia, nyumbani kwake panakuwa chini kabisa. Ukilishusha gari, bushi zote zinajinyonga kabla hata hujawasha injini, na zinasukuma kurudi chini saa zote. Hiyo ndiyo iliyoinua gari, na ndiyo iliyolifanya gumu: umeongeza springi 18 ndogo ambazo hakuna aliyezitaka. Kisha gurudumu likipanda kwenye tuta, mpira uliokwisha kunyongwa unanyongwa zaidi ya uwezo wake na unachanika kwenye ukingo wa bomba.

Kuthibitisha ni rahisi na hakuhitaji kubishana na mtu. Gari likiwa chini kwa uzito wake wote, mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mlinzi wa tope, pande zote nne, uandike. Legeza nati za bolti moja baada ya nyingine. Kulegeza tu, si kutoa bolti. Zangu kadhaa zilitoa mlio mkali pale bomba lilipojiachia, na mbele ikashuka karibu sentimita moja na nusu. Bushi iliyokazwa mahali pake haifanyi chochote ukiilegeza. Namba hizo nilimpelekea yule fundi. Akasema springi “zimejikalia”. Springi zilizofanya kazi miaka mingi haziwezi kujikalia kwa zamu moja ya spana!

Utaratibu sahihi hauongezi hata saa moja. Bolti zote zinaingizwa na nati zinakazwa kwa mkono tu, hadi chuma kiguse chuma. Magurudumu yanafungwa, gari linashushwa, linasukumwa mbele na nyuma mita chache ili matairi yasibaki yamejibana kwa upana, kisha linabonyezwa kwa nguvu mara kadhaa kila kona. Kama kawaida hubeba mzigo au tangi la ziada, uwe ndani yake. Hapo ndipo unapoingia chini ukakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bolti hizi zinataka zaidi ya 150 Nm, kwa hiyo spana fupi na mkono mmoja haitoshi, na bolti iliyolegea inaacha bomba lizunguke na kula masikio ya breketi. Baada ya kilomita 500 hivi kagua tena. Rodi ya panhard ya mbele ikikataa kuingia kwa sababu ekseli imesogea pembeni, usiipige nyundo: mwenzako azungushe usukani taratibu gari likiwa chini, mwili utasogea juu ya ekseli mpaka matundu yalingane.

Sasa niwe mkweli, maana kuna kitu kinanizuia kusema gereji ile haijui kazi. Kazi ya presi, mashine ya kusukumia bushi, ilikuwa safi sana. Kutoa bushi za zamani ndiyo sehemu ngumu, na ndipo wengi huharibu. Ganda la nje hushikana na kutu kwenye jicho la amu, yaani tundu linalobeba bushi, na mtu mvivu huchoma mpira kwa moto, moshi wake ni sumu na bomba la ndani linaweza kuruka kama risasi. Hawa walitoboa mpira, wakakata ganda kwa msumeno wa chuma bila kugusa jicho, wakasafisha kutu kwa msasa hadi chuma king'ae. Mpya waliziingiza kwa kusukuma ganda la nje tu, kwa kikombe cha chuma chenye kipenyo sawa na ganda. Ukisukuma bomba la ndani unachana mpira siku hiyo hiyo. Ukiiacha iingie kwa mshazari, inakwangua jicho na haitashika tena. Niliangalia macho yote kwa tochi, sikuona mkwaruzo hata mmoja.

Kwa hiyo wanajua! Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mwenye mikono ile, aliyevumilia kazi ngumu kiasi kile, anashindwaje kulishusha gari chini kabla ya kuchukua spana?

Shokapu nazo ziliguswa. Zile raba za juu zenye nati moja zilikazwa hadi zikapasuka pembeni. Raba hiyo inabanwa mpaka itanuke kufikia upana wa washa yake, basi.

Nilipoomba warekebishe, wakaniambia tatizo ni mpira wenyewe, niweke bushi za poliurithani, plastiki ngumu kuliko mpira. Hapo ndipo uvumilivu ulipoisha. Poliurithani haijagandishwa kwenye bomba, inazunguka juu yake, ndiyo maana ukikosea kukaza hewani haikuadhibu. Ushauri huo ungewaficha wao, si kunisaidia mimi. Kwenye rodi za panhard sizikatai, zinafanya usukani uwe mwepesi kujibu. Lakini kwenye amu za mbele za gari hili ni kosa kubwa kwa mtu anayetafuta ulaini. Kila amu inashika ekseli kwa bushi mbili, hivyo gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, amu inataka kujipinda na mpira ndio unaoiruhusu. Weka kitu kigumu pale, ekseli inakataa kupinda na nguvu zote zinahamia kwenye breketi. Juu ya hayo, bila grisi iliyopendekezwa na mtengenezaji zinaanza kulia kama mlango mbovu, na vumbi likiingia zinasagika.

Mwishowe nilikaza zote upya mwenyewe, gari likiwa chini. Tofauti ilisikika kabla ya kumaliza kilomita ya kwanza: nyuma hairukiruki tena, mashimo madogo yanazama chini bila kufika kwenye kiti. Nilitaka kuandika kwamba bushi walizoniwekea ni bandia, na nimelifuta hilo. Mpira ni mzuri. Kati ya 18, zilizochanika ni mbili tu, zote za amu ya mbele kushoto pale kwenye ekseli. Ukiingiza mtaimbo kati ya amu na ekseli ukasukuma, unaona ufa ukifunguka kuzunguka bomba.

Hizo mbili lazima zitoke, na presi nzuri kuliko zote nilizoona ni ya gereji ile ile. Nitawapelekea amu peke yake, imeshatolewa. Gari halitapanda lifti yao.