Masomo ya urabi katika Hebrew Union College: tathmini ya chuo na ya kazi zinazowasubiri wahitimu

Hebrew Union College ndicho chuo kikongwe zaidi miongoni mwa vyuo vya marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, vinavyoendelea kufundisha nchini Marekani. Isaac Mayer Wise alikianzisha mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, mwaka 1875, na mwaka 1950 kikaungana na Jewish Institute of Religion, chuo ambacho Stephen S. Wise alikuwa amekifungua New York mwaka 1922. (Waasisi hawa wawili hawakuwa na undugu wowote, ingawa majina yao huwachanganya hata watu wanaokifahamu chuo.) Baadaye zikaongezwa kampasi za Los Angeles na Yerusalemu. Chuo hiki ni cha mrengo wa Mageuzi, yaani Wayahudi wanaoshika mapokeo lakini wanakubali ibada na sheria zitazamwe upya kadiri nyakati zinavyobadilika, na yeyote anayekipima kwa mizani ya mrengo mwingine atakionea.

Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu aliyekwisha kuamua kuitumikia jamii ya Kiyahudi kwa kazi ya kudumu, mafunzo haya ni mazuri na baadhi ya sehemu zake ni bora kabisa, lakini kwa mtu anayetafuta elimu ya dini tu, au shahada ya kuning'iniza ukutani, ni marefu na ghali kupita kiasi.

Mwombaji anatakiwa awe Myahudi, awe na shahada ya kwanza, awe amekwisha kujifunza Kiebrania kwa kiwango cha chuo, kisha apite mbele ya jopo la mahojiano na afanyiwe tathmini ya kisaikolojia. Hatua hii ya mwisho huwashangaza wengi, lakini mimi naiona kuwa ya busara, kwa sababu rabi hukabidhiwa siri za ndoa, misiba na maradhi ya watu, na si kila mwenye akili ya vitabu anaweza kuubeba mzigo huo. Hadi mwaka 2024 chuo kilikuwa kikiwakataa waombaji wenye wenzi wasio Wayahudi. Mwaka huo bodi iliiondoa kanuni hiyo, jambo ambalo chuo cha mrengo wa Kirekonstraksheni (unaouona Uyahudi kuwa ustaarabu unaoendelea kubadilika) kilichoko karibu na Philadelphia kilikuwa kimelifanya tangu 2015.

Kwa mpango wake wa kawaida masomo huchukua miaka mitano, na ule wa kwanza hutumika Yerusalemu. Huo ndio mwaka ninaoupa alama za juu kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwanafunzi anaikuta lugha sokoni, ndani ya basi na kwenye sala, na ile Torati aliyokuwa akiisoma kwa kamusi anaanza kuisoma kwa sikio. Ni kweli kwamba mwaka huo una gharama zake, hasa kwa wenye familia, na usalama wa eneo lile ni jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kulidhamini. Hata hivyo, anayelinganisha rabi aliyekaa huko na yule aliyejifunza Kiebrania darasani tu ataiona tofauti mara anapowasikia wakifafanua aya moja ya Isaya.

Miaka inayofuata inagawanyika kati ya Biblia, Midrashi (mafafanuzi ya kale ya maandiko), Talmudi (mkusanyo mkuu wa sheria na mijadala ya marabi wa kale), historia, falsafa, ibada na uhubiri, na katikati ya safari mwanafunzi hutunukiwa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiebrania kabla ya kuwekwa wakfu mwishoni. Upande wa historia na uchambuzi wa maandiko chuo kina nguvu kubwa. Upande wa Talmudi, nasema bila kificho kwamba hakiwezi kushindana na seminari ya Yeshiva University, ya Wayahudi wa Kiorthodoksi wanaoshika sheria za kale bila kuzilegeza, ambako wanafunzi, wanaume watupu, huzama kwa miaka katika kurasa za Kiaramu na hutahiniwa sheria za vyakula halali na najisi hadi vipengele vyake vidogo kabisa. Mhitimu wa Cincinnati au New York ataweza kuifungua Talmudi na kuielewa. Kutoa hukumu kutokana nayo mbele ya mahakama ya kidini ni kazi ambayo hakuandaliwa kwayo, wala mrengo wake haumdai.

Kinachofidia upungufu huo ni mafunzo ya kazini. Kwa vizazi vingi chuo kimekuwa kikiwatuma wanafunzi wake kwenye sinagogi ndogo zisizoweza kumwajiri rabi wa kudumu, nyingi zikiwa katika miji midogo ya Marekani ya kati na ya kusini. Mwanafunzi hufika huko mara moja au mbili kwa mwezi, na wikendi moja inaweza kumtaka aongoze ibada ya Sabato, afundishe watoto, amtembelee mgonjwa na kukaa na wazee wa kamati ya fedha. Hulipwa posho, lakini anachovuna zaidi ni kugundua mapema kama kazi hii inamfaa. Wapo wanaong'ara darasani wakababaika mbele ya wafiwa, na ni heri hilo lijulikane mwaka wa tatu kuliko baada ya kuwekwa wakfu.

Ndiyo maana uamuzi wa bodi wa Aprili 2022, wa kusitisha mafunzo ya ana kwa ana ya marabi Cincinnati ifikapo mwaka wa masomo wa 2026, nauona kuwa hasara ambayo haijapata mbadala wa kueleweka. Sababu zilizotolewa, idadi ya waombaji iliyopungua na nakisi ya fedha, ni za kweli na hazipingiki. Lakini ni kutoka Cincinnati hasa ambako sinagogi ndogo za mikoani zilipata watumishi, na ni huko iliko Klau Library, mojawapo ya maktaba kubwa kabisa za Kiyahudi duniani. Mwaka 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo la Ohio alikwenda mahakamani kukizuia chuo kisiuze vitabu adimu vya maktaba hiyo. Mwombaji makini anapaswa kuuliza waziwazi hali ya fedha ya chuo ikoje kabla ya kutia saini fomu yoyote.

Kuhusu ajira, wengi hufikiri kwamba rabi ni mtu wa mimbari peke yake. Mimbari ndiyo njia kuu, na chama cha marabi wa mrengo huu, kilichoanzishwa na Isaac Mayer Wise huyohuyo mwaka 1889, huwasaidia wahitimu kuunganishwa na sinagogi zinazotafuta kiongozi. Msaada huo ni sehemu ya thamani ya masomo haya, maana shahada peke yake haikufungulii milango hiyo. Wengine huingia katika shule za Kiyahudi, vyuo vikuu, mashirika ya hisani, hospitali au jeshi. Anayetaka kutambuliwa kitaaluma kama mhudumu wa kiroho hospitalini aelewe kwamba kuwekwa wakfu hakutoshi: kuna mafunzo ya vitendo ya kuwahudumia wagonjwa kiroho yenye hatua nne, kila hatua ikiwa na saa zisizopungua 400. Jeshini, mhitimu anayekumbukwa kuliko wote ni Alexander Goode, mmoja wa watumishi wanne wa dini waliotoa makoti yao ya kujiokolea kwa askari wakati meli ya Dorchester ilipozama tarehe 3 Februari 1943.

Safari ya Sally Priesand inaonyesha vizuri jinsi njia hizi zinavyoingiliana. Aliwekwa wakfu na chuo hiki mwaka 1972, mwanamke wa kwanza kufanywa rabi na seminari ya Marekani, akawa msaidizi katika sinagogi kubwa ya New York kwa miaka saba. Alipoona hatapandishwa kuwa rabi mkuu aliondoka, na kwa muda akaishi kwa kazi ya nusu siku na uhudumu wa hospitali, mpaka mwaka 1981 sinagogi ya New Jersey ilipomwajiri. Alibaki huko hadi alipostaafu mwaka 2006. Jina lake lilikuwa limejaa magazetini na bado alihangaika kupata ajira.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu hautoki katika chuo hiki. Gershom Sizomu, wa jamii ya Wayahudi iitwayo Abayudaya ya Mbale nchini Uganda, alisoma katika Ziegler School ya Los Angeles, iliyo ya mrengo wa Kihafidhina, ulio kati ya Kiorthodoksi na Mageuzi, akawekwa wakfu mwaka 2008. Alirudi nyumbani, akafungua shule ya kufunza viongozi wa dini, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mtu wa namna yake, mwenye jamii inayomsubiri, angefaa kuitazama Ziegler kwanza: mwaka 2022 iliteremsha ada ya mwaka kutoka takriban dola 31,000 hadi 7,000 na kupunguza masomo kutoka miaka mitano hadi minne, na Kihafidhina ndio mrengo ambao Abayudaya wengi wamejiunga nao.

Mkristo au Mwislamu anayevutiwa na Kiebrania na lugha za kale za Mashariki ya Kati hana nafasi katika kozi ya urabi, na hilo ni haki. Aulizie masomo ya uzamili na uzamivu, kwa kuwa kwa miongo mingi chuo hikihiki kimewafundisha wasomi wa Kikristo ambao baadaye wamekuwa wahadhiri wa Agano la Kale. Aulize pia kama bado yanapokea wanafunzi wapya, na katika kampasi ipi.