Koki ya sinki la jikoni: shaba au plastiki?

Kwa bei, plastiki inashinda wazi. Kwa uimara naipa shaba: shingo yake hustahimili spana, ilhali ya plastiki fundi akiikaza kupita kiasi hupasuka na maji yakavujia kabatini kimyakimya.

Lakini maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar es Salaam, hubadilisha hesabu. Kromu, ule utando unaong'aa juu ya shaba, hubabuka na shaba huanza kulika. Plastiki haishiki kutu. Ukoko mweupe mdomoni huzipata zote. Paka siki, kisha suuza.

Matengenezo? Shaba nzuri hubadilishwa kipira cha ndani tu. Plastiki nyingi hutupwa nzima.

Mpangaji wa muda, plastiki inatosha. Nyumba yako mwenyewe, yenye maji yasiyo na chumvi, ningelipia shaba.