Drili ya kutobolea ukuta wa tofali: uanze na ipi, ipi uiache

Dukani wengi huuliza wati. Kwa ukuta wa tofali, uliza kwanza drili inagongaje. Isiyogonga sawasawa humlazimu mtu kuiegemea kwa uzito wa mwili, na hapo ndipo biti (ncha ya kutobolea) huteleza au kukatika, naye akiwa juu ya ngazi.

Ya kwanza ni SDS-Plus, drili nyundo ambayo biti huchomekwa na kujifunga yenyewe, ya kilo 2 hadi 3, yenye pigo la jouli 2 au zaidi (jouli hupima nishati ya kila pigo). Ndani yake pistoni hubana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorusha nyundo. Kazi yako ni kuishika tu. Tundu la milimita 6 kwenye tofali la kuchoma huchukua sekunde chache. Hatari yake iko kwenye mzunguko: biti ikinasa nondo ya linta, mashine hutaka kuzunguka yenyewe na kukusokota kifundo cha mkono. Basi usichukue isiyo na klachi ya usalama (inayokata mzunguko biti ikinasa) na mpini wa pembeni, hata ukipunguziwa bei. Biti zake ni za shina lenye mifereji, unene milimita 10; za kawaida haziingii.

Ya pili ni ya betri, volti 18, yenye kugonga. Haina waya wa kujikwaa, na unaweza kuzima meni swichi ya nyumba nzima ukaendelea kutoboa. Kwa pazia na rafu inatosha. Kwenye zege itakuchosha.

Ya tatu ni drili ya umeme ya kugonga, yenye taya (mdomo unaobana biti) ya milimita 13. Ni rahisi, lakini hugonga kwa visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana: kelele nyingi, pigo dogo. Kaza taya kwa ufunguo kwenye vitundu vyote vitatu, la sivyo biti itazunguka bure.

Isiyogonga kabisa iache kwa fundi seremala.

Kwa tofali lenye uwazi ndani, zima kugonga hata kama drili ni ya bei gani. Ukigonga, ukuta wa ndani humeguka na plagi ya skrubu hukosa pa kushika.

Bakiza hela ya miwani iliyofunika pembeni na barakoa ya FFP2 au N95. Vumbi la tofali lina silika inayodhuru mapafu, na leso haiizuii. Usitoboe wima juu wala chini ya swichi au soketi, wala usawa wake kando. Vumbi likitoka na nyuzi za plastiki, simamisha drili hapo hapo: umegusa bomba la nyaya.